Mikono Kwanza, Kisanduku Baadaye

Tumchukue fundi wa kuchomelea mageti, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, Nyakato, Manispaa ya Musoma, saa tano asubuhi. Waya wa mashine yake umechubuka, chini pamelowa, na mkono wake uko kwenye chuma. Anajikunja mara moja na kuanguka. Fundi huyu nimemtunga. Watu watakaomzunguka sikuwatunga, maana kila aliyewahi kuona mtu akianguka hadharani katika miji yetu anawajua.

Wa kwanza atapiga kelele, "Zima umeme!" Huyo ameshaokoa wengine, kwa sababu anayemshika mtu aliyenaswa na umeme hunaswa naye. Baada ya hapo mambo huharibika. Mwili wa fundi unatikisika kidogo, kisha koo linatoa sauti ya kukoroma, kimya, halafu inakuja nyingine. Mtu atasema, "Kifafa hicho." Neno hilo likishatamkwa duara linapanuka, maana wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Ni uongo mtupu, lakini miguu hurudi nyuma kabla akili haijahoji. Kijiko kinatafutwa kiingizwe katikati ya meno. Maji yanamwagwa usoni. Mwingine, mwenye busara ya aina yake, anaonya kwamba asiguswe mpaka ndugu zake waje, au polisi wafike na PF3 yao. Mwishowe anaitwa bodaboda, fundi anapakiwa mshikaki, dereva mbele na kijana wa kumshikilia nyuma, na pikipiki inakimbizwa kuelekea Kwangwa, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa inayobeba jina la Mwalimu Nyerere.

Dereva huyo sina la kumlaumu. Ila tangu fundi aanguke mpaka apandishwe zimepita dakika kadhaa, njiani zitapita nyingine, na katika muda wote huo hakuna damu iliyofika kichwani. Ubongo huanza kuharibika dakika nne au tano baada ya damu kukatika. Kila dakika inayopita bila mtu kukandamiza kifua wala kushtua moyo hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu hiyo mpaka dakika ya kumi uone kinachobaki. Na ule mkoromo uliowafanya watu waseme "bado anapumua" haukuwa kupumua. Ni pumzi za mwisho za ubongo unaokosa hewa, na mtu akikoroma hivyo huku haitikii anapoitwa wala kutikiswa bega, ahesabiwe kuwa moyo wake umesimama.

Kusema kweli haujasimama kabisa. Umeme wa majumbani, unaogeuka mara 50 kwa sekunde, una tabia mbaya ya kuvuruga umeme mdogo ambao moyo wenyewe hujitengenezea. Nyuzi za misuli ya moyo ambazo zilikuwa zikijikaza pamoja huanza kujikaza kila moja kwa wakati wake. Wavuvi watanielewa nikisema ni mtumbwi wenye wapiga makasia kumi na kila mmoja anapiga kwa wimbo wake: maji yanaruka, jasho linatoka, mtumbwi haujongei. Moyo wa namna hiyo unatetemeka, hausukumi damu. Kwa watu wa makamo na wazee kinacholeta hali hiyo mara nyingi ni mshipa wa moyo ulioziba, si umeme wa ukutani, na kadiri shinikizo la damu na kisukari vinavyozidi mijini ndivyo watu wa aina hiyo watakavyozidi kuanguka sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya benki.

Dawa ya mtetemo huo ni mshtuko mmoja wa umeme wa moja kwa moja, kwa mtu mzima kati ya joule 120 na 360 kutegemea mashine, unaopita kifuani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mshtuko huo unawanyamazisha wapiga makasia wote kwa pamoja, ili sehemu ya moyo yenye kazi ya kuongoza mapigo ipate nafasi ya kuanza upya. Ndiyo maana moyo uliolala kabisa, ule unaoonyeshwa kwenye filamu kwa mstari ulionyooka, haushtuliwi. Hauna cha kunyamazishwa.

Mashine inayofanya kazi hii hadharani huitwa AED. Ni kisanduku cha kilo moja na nusu hadi tatu hivi, na kilichoitenga na mashine za hospitali ni kwamba inaamua yenyewe. Unaifungua, unaiwasha, inaanza kuongea. Ovaroli ya fundi inapasuliwa kwa mkasi uliomo ndani. Kifua kikiwa na jasho au maji kinafutwa, maana bandiko halishiki kwenye unyevu. Bandiko moja linakaa upande wa kulia chini ya mfupa wa mtulinga, la pili ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Mchoro umechapishwa juu ya kila moja, hata asiyesoma hapotei. Mashine inasema watu wasimguse, inasoma mapigo kwa sekunde chache, na ikiona mtetemo ndipo inapojichaji na kukuambia ubonyeze kitufe. Isipouona inakataa. Unaweza kubonyeza mpaka kidole kiume, haitatoa umeme. Ile hofu ya "nitamuua" inakufa hapo: aliyelala mbele yako tayari amekufa kwa kila maana isipokuwa ya kisheria, na kisanduku hakina ruhusa ya kumshtua mwenye mapigo ya kawaida.

Mama akianguka, mkono wa kufungua kifua unasita zaidi, na watafiti wa Ulaya na Marekani wameona kusita huko huko kwao: wanawake wanaoanguka hadharani hupata msaada wa watu baki kwa uchache kuliko wanaume. Sisi tuna jibu ambalo wao hawana. Kwenye mwalo wa Mwigobero au soko lolote kuna kanga. Wanawake wanne wakisimama na kanga mbili wameshatengeneza chumba, na aliye ndani afungue nguo kama inavyotakiwa, hadi sidiria.

Sasa niseme ninaloliamini, ingawa linaweza kuwaudhi wauza mashine. Kisanduku ni cha pili. Cha kwanza ni mikono.

Historia yenyewe inasema hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika maabara ya Johns Hopkins kule Baltimore, William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme, na wenzake walikuwa wakitafuta namna ya kushtua moyo bila kupasua kifua. Kijana wao Guy Knickerbocker akagundua kwamba kule kugandamiza vibati vya mashine juu ya kifua cha mbwa, kabla hata umeme haujapita, kulipandisha presha ya damu. Mwaka 1960, wakiwa na daktari wa upasuaji James Jude, walichapisha makala iliyoeleza kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu, na kwamba popote palipo na mtu, huduma hiyo inawezekana. Watu waliokuwa wakitafuta umeme ndio waliotupa kiganja. Miaka mitano baadaye Frank Pantridge wa Belfast akaipandisha mashine ya kushtua moyo kwenye gari la wagonjwa, ikiendeshwa na betri za gari, uzito wake kilo 70. Kutoka kilo 70 hadi kisanduku cha mkononi ilikuwa kazi ya wahandisi. Mikono haijabadilika: katikati ya kifua, kiganja juu ya kiganja, viwiko vimenyooka, kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kila mara. Anayefanya hivyo sawasawa anachoka ndani ya dakika mbili. Apokewe.

Denmark ndiyo shahidi wangu mkuu. Mwaka 2001, katika watu walioanguka moyo ukasimama nje ya hospitali, takriban mmoja kati ya watano alikandamizwa kifua na mtu baki kabla wahudumu hawajafika. Nchi ikafundisha shuleni, ikaweka huduma ya kwanza kuwa sharti la leseni ya udereva, na kufikia 2010 walikuwa karibu 45 katika kila 100. Waliokuwa hai baada ya siku 30 wakaongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8, yaani mara tatu. Katika kipindi hicho hicho walioshtuliwa na mtu baki kwa kisanduku walipanda kutoka asilimia 1.1 hadi 2.2 tu. Visanduku vilikuwa bado havijafanya kazi kubwa. Iliyofanya kazi ni mikono ya wanafunzi na madereva. Ulimwengu ulikuja kuiona Denmark ikiokoa kwa vyote viwili tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen alipoanguka Copenhagen katika mechi na Finland, na watu wakashuhudia hata kwenye vibanda umiza vya kwetu. Alishtuliwa mara moja akarudi. Kabla ya mshtuko huo kuna watu waliokuwa wamepiga magoti kifuani kwake, nyuma ya ukuta wa wachezaji wenzake, na hao kamera hazikuwaonyesha vizuri.

Upande wa pili yupo msichana wa miaka 11 wa Saitama, Japani, Septemba 2011. Alianguka baada ya mazoezi ya kukimbia. Shule ilikuwa na mashine. Walimu walimwona akivuta pumzi, wakaamini yuko hai, wakamsubirisha. Kisanduku hakikutumika. Ni mkoromo ule ule wa fundi wetu, katika nchi ambayo raia yeyote ameruhusiwa kutumia AED tangu 2004 na visanduku vimejaa kwenye stesheni na maduka. Mamlaka za jiji pamoja na wazazi wake walitengeneza mwongozo mpya kwa walimu: ukishindwa kujua kama anapumua, chukulia hapumui.

Hata hapa nyumbani, utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu watumishi wa afya wa Muhimbili ulionyesha kwamba walio wengi hawakufikia alama ya kufaulu katika kufufua moyo, kwa maandishi na kwa vitendo. Kama ndivyo kwa wenye makoti meupe, ya nini kumcheka muuza mitumba?

Anayedhani kazi hii ni ya madaktari pekee namrudisha Marekani, mwaka 2000, kwenye makala moja kuhusu majumba ya kamari. Walinzi wa majumba hayo walipewa mafunzo na mashine. Wacheza kamari walioanguka mbele ya macho ya watu na kushtuliwa ndani ya dakika tatu, asilimia 74 walitoka hospitali wakiwa hai. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 49. Hizi ni namba ambazo hospitali nyingi kubwa hazizifikii, na zimepatikana kwa walinzi. Viwanja vya ndege vya Chicago vilianza 1999 kutundika visanduku ukutani kwa namna ambayo mtu popote alipo asitembee zaidi ya dakika moja au moja na nusu kufika kimoja. Katika miaka miwili ya kwanza watu 18 walianguka moyo ukiwa katika ule mtetemo. 11 walifufuliwa, na kati ya waliowafufua walikuwemo wasafiri waliokuwa wakipita na mabegi yao, ambao hawakuwahi kushika mashine hiyo.

Kwa hiyo swali la Nyakato ni nani yupo, saa zote, na ana miguu. Ninapowaza Musoma naona majibu matatu. Mlinzi wa kituo cha mafuta, kwa sababu kituo hakifungwi usiku na taa zake zinaonekana mbali. Stendi ya Bweri, ambako mabasi na watu hawakauki. Na kijiwe cha bodaboda, maana hapo ndipo penye gari la wagonjwa halisi la mji huu. Sipendi kabisa kukiona kisanduku kikiishia kwenye kabati la ofisi ya mkuu fulani, kimefungwa, ufunguo uko kwa katibu muhtasi, naye yuko likizo. Nimetembelea ofisi moja ya umma ambako kizimamoto kilikuwa nyuma ya rundo la viti vya plastiki, na tangu siku hiyo siviamini vifaa vya dharura vinavyotunzwa na watu nadhifu.

Viwanja vya mpira ni habari ya peke yake. Tarehe 4 Desemba 2016, Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, ng'ambo ya ziwa kutoka Musoma, Ismail Mrisho Khalfan, mchezaji wa miaka 19 wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza, alifunga bao dhidi ya Mwadui na muda mfupi baadaye akaanguka. Alifariki siku hiyo. Miaka mitatu nyuma FIFA ilikuwa imegawa mabegi ya dharura yenye AED kwa vyama wanachama vyote 209. Lakini begi la shirikisho haliwezi kuwa Kaitaba, Karume ya Musoma na kiwanja cha shule ya kata Jumapili moja. Biashara United ilipocheza Ligi Kuu, 2018 hadi 2022, maelfu walijaa Karume; mechi za mchangani za Nyakato hazijawahi kuwa na msimu wa kupumzika. Mchezaji akianguka bila kugongwa na mtu, mwamuzi asisubiri: hiyo ni dharura ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Na kapteni wa kila timu awe ameshakandamiza mdoli wa mazoezi walau mara moja maishani.

Bei nayo. Mashine mpya inayoaminika huuzwa kuanzia dola 1,000 hivi hadi zaidi ya 2,000, yaani mamilioni ya shilingi, na hapo hujaagiza mabandiko ya akiba. Mabandiko huisha muda baada ya miaka miwili hadi minne hata kama hayajaguswa, kwa sababu gundi yake hukauka. Betri nayo ina umri wake. Kila kisanduku kina taa au alama ndogo inayoonyesha kama kiko tayari, na inahitaji mtu mwenye daftari anayepita kila Jumatatu kuitazama. Fedha za wafadhili huwa zinanunua mashine. Daftari la Jumatatu hazilinunui. Tena nyingi huja zikizungumza Kiingereza, na mlinzi aliyeshtuka hana muda wa kukumbuka somo la kidato cha pili. Anayeagiza aulize lugha kwanza, na akikosa Kiswahili, maagizo yabandikwe ndani ya kifuniko kwa maandishi makubwa.

Upande wa mwaloni kanuni zinageuka kidogo, na kwa mji uliojengwa juu ya rasi hili halipaswi kupitwa. Aliyezama majini moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Mara nyingi hauna mtetemo wa kushtua, na mashine itakataa. Huyu anaanziwa na pumzi, mdomo kwa mdomo, ndipo kifua kikandamizwe, 30 kwa pumzi 2. Kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke ni kupoteza dakika alizobakiza. Kisanduku kikiwepo kiletwe, kifua kikaushwe, ila kisimzuie mtu kumpulizia.

Halafu anapelekwaje? Hapa tuna mfano wetu wenyewe. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kutangazwa kuwa wa nchi nzima 2022, unapokea simu ya bure 115 kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, na pale gari la wagonjwa linapokosekana unamwita dereva wa kawaida wa jirani ambaye ameandikishwa na analipwa kwa safari. Mzazi wa Nyakato ana namba ya kupiga. Fundi wa kuchomelea hana namba yake, lakini utaratibu wa kumtafutia dereva upo, umejaribiwa, na kuupanua ni uamuzi wa kibajeti. Mambo ya ndege zisizo na rubani yasitupumbaze. Mwaka 2018 moja iliruka kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, na kwa kupeleka dawa, hiyo ni neema. Kwa moyo unaotetemeka, dakika 40 ni mazishi. Ile iliyompelekea kisanduku mzee wa miaka 71 kule Trollhättan, Sweden, Desemba 2021, ilifika kwa dakika tatu na ushee, na ilimkuta daktari aliyekuwa akipita njia akiwa ameshaanza kumkandamiza kifua.

Aliyefufuka Nyakato atahitaji Kwangwa kwa usiku wa kwanza, pengine hospitali ya Bugando, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara hadi Mwanza, na wachache watafika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayofanya kazi tangu 2015. Safari hiyo ndefu ina maana kwa yule tu ambaye ubongo wake ulipata damu katika dakika kumi za kwanza.

Kama ningepewa bei ya mashine mbili kwa ajili ya Nyakato, ningenunua moja, niitundike kituo cha mafuta. Fedha ya pili ningeigawa: midoli ya mazoezi, posho ya muuguzi wa kufundisha, mabandiko ya akiba, na chai na chapati kwa vijana wa vijiwe vya bodaboda kwa Jumamosi nzima, kila robo mwaka.